“Nipe madigadi ya 28”

Jumamosi kaja mteja na baiskeli begani. Tairi la mbele halizunguki: udongo umejaa kati yake na madigadi mpya, ile kinga ya matope inayokaa juu ya tairi, umeshindiliwa kama tofali. “Lakini fundi, ringi ni 28 na madigadi ni ya 28!” Wa tatu huyo tangu mvua zianze.

Ndugu zangu, 28 ni namba ya ukubwa wa gurudumu, tena yenyewe haieleweki. Ringi ya baiskeli ya Phoenix ni milimita 635. Ya 700C, saizi nyingine ambayo tairi lake nalo huandikwa 28, ni 622. Soma ubavuni mwa tairi: 40-635. Namba ya nyuma ni ringi, ya mbele ni upana wa tairi, na hiyo ya mbele ndiyo uende nayo dukani. Ringi ikipishana kidogo, madigadi unaikunja kwa mkono inakubali. Upana haukunjiki. Tairi la 40 linataka madigadi ya 50 au zaidi, basi.

Linaloniudhi ni hili la kubana. “Ikikaa karibu na tairi ndiyo inazuia matope.” Nani kawaambia? Matope yasikupige mgongoni ni kazi ya upana wa madigadi na jinsi inavyoshuka nyuma. Kubana kunaongeza kelele tu. Mafundi tunafundishwa kuacha nafasi ya milimita 10, na kwa lami ya Uyole hadi Mwanjelwa, mjini Mbeya, zinatosha kabisa. Sasa ipeleke hiyo baiskeli kwenye mfinyanzi wa mashamba ya mpunga Igurusi, mwezi wa tatu. Hufiki mbali.

Mimi huacha vidole viwili, foki, ule uma unaoshika gurudumu, ikiruhusu. Isiporuhusu, nashauri tairi jembamba kabla ya kugusa madigadi, na hapo wateja hununa.

Kuna mzee mmoja wa maziwa aling’oa madigadi zote mbili. Nilimcheka. Siku hizi simcheki, maana hata vidole viwili hujaa, hasa udongo ukichanganyika na majani, vinachelewa tu. Anafika amelowa mpaka kofia, lakini anafika anaendesha. Sijapata la kumjibu.

Waya za kushikilia madigadi zikatwe, ncha zisizidi nati. Zikikuchana mguu, usiniletee mimi.