Picha ya paka ikitoka na ukungu, tatizo si megapikseli

Ukimpiga picha paka sebuleni akatoka kama moshi, hutamkosa mtu wa kukwambia: "Nunua kamera yenye megapikseli nyingi." Imani hii ina miaka, na wauza simu hawana haraka ya kuikanusha.

Megapikseli ni idadi ya nukta za picha tu. Kinachomgandisha paka ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie. Jioni ndani ya nyumba, ukiiachia kamera ijiamulie, inaweza kushuka hadi sekunde 1/30. Mguu unaokwenda mita moja kwa sekunde utakuwa umesogea zaidi ya sentimita 3 kwa muda huo. Kwa 1/500 ni milimita 2 tu. Ukiongeza megapikseli unapata ukungu uleule, kwa nukta nyingi zaidi. Hata tripodi haisaidii hapa: inatuliza kamera, haimtulizi paka.

Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alimnasa farasi akiwa mbioni kwa kamera 12 zenye shata za haraka. Megapikseli zilikuwa bado kabisa.

Weka kamera kwenye S au Tv, yaani hali ambayo wewe ndiye unayechagua kasi ya shata, anza na 1/500, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hata 3200. Chenga (vidoadoa kwenye picha) zitatokea, zivumilie, maana picha iliyotikisika hairekebishiki vizuri. Mvizie karibu na dirisha mchana, fokasi iwe kwenye jicho lililo upande wako. Kama simu yako haikuruhusu kubadili shata, toka naye nje kwenye mwanga.