Kipimo kinasema unasikia vizuri, mbona masikio yanalia?

Wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia mlio masikioni huwa wameshapimwa na kuambiwa kwamba wanasikia vizuri, kwa hiyo hawana tatizo. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo huwa kweli. Ya pili siikubali hata kidogo, maana humrudisha mtu nyumbani akidhani anaanza kuchanganyikiwa.

Kipimo cha kawaida hutafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia katika masafa machache, yaani viwango vya wembamba au uzito wa sauti vinavyohesabiwa kwa hezi, kwa kawaida kati ya hezi 250 na 8,000. Sikio changa lenye afya husikia hadi karibu hezi 20,000. Huko juu kusikopimwa ndiko madhara ya umri na ya baadhi ya dawa huanzia, na hata kati ya masafa yanayopimwa kuna mapengo.

Lakini hata anayesikia kila mlio wa kipimo anaweza kuwa na sikio lililoumia. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele ya dezibeli 100 kwa saa 2. Usikivu wa panya hao ulififia, kisha ukarudi. Seli zenye vinyweleo, zile zinazopokea sauti ndani ya sikio, zilibaki nzima. Kilichopotea ni maungio yanayoziunganisha seli hizo na neva ya usikivu, na katika sehemu iliyoathirika zaidi takriban nusu yake hayakurudi tena. Nyuzi za neva zinazoumia zaidi ni zile zinazoitikia sauti kubwa, ilhali kipimo chetu kinatafuta sauti ndogo. Ndiyo maana majibu hutoka safi.

Miaka 2 baadaye watafiti Roland Schaette na David McAlpine walipima wanawake wenye mlio na majibu safi. Ishara ya umeme kutoka kwenye neva ilikuwa hafifu kuliko ya wenzao wasio na mlio, lakini ilipofika juu zaidi kwenye shina la ubongo ilikuwa ya kawaida. Maana yake, njiani ilikuzwa. Ubongo hufanya kama mtu anayeongeza sauti ya redio iliyofifia, na mkwaruzo nao ukapanda. Tafiti nyingine za binadamu hazikuona tofauti hiyo, kwa hiyo simwambii kila mgonjwa kwamba chanzo chake ni hiki.

Swali ninalolithamini sana ni hili: ukiuma meno kwa nguvu au ukigeuza shingo, mlio unabadilika? Neva za taya na shingo hukutana na njia ya usikivu kwenye shina la ubongo, na misuli iliyokaza huko inaweza kuuchochea mlio. Mtu anayesaga meno usingizini anaweza kuhitaji daktari wa meno kuliko mimi. Nauliza pia kuhusu dawa, kwani aspirini kwa dozi kubwa na kwinini zinajulikana kuleta mlio.

Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo ni habari nyingine. Huweza kutoka kwenye mishipa ya damu, upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au shinikizo lililopanda ndani ya fuvu. Huo, pamoja na mlio wa sikio moja tu, usiridhike nao kwa sababu kipimo cha usikivu kimetoka safi. Muone daktari wa masikio, na umuulize kama unahitaji vipimo vya damu au picha za kichwa na mishipa.