Usiniulize inabeba tani ngapi

Juzi kijana mmoja hapa Goma ameniletea waya wa chuma alioutoa kwenye winchi ya lori bovu. Ameufunga vitanzi viwili, kazi safi kabisa, anataka tuutumie kupandia majabali, utukamate tukianguka. "Muzee, hii inabeba tani tano. Mtu ana kilo ngapi?" Swali hilo hilo nimeulizwa kuhusu mnyororo, kuhusu kamba ya kuvutia magari, kuhusu mkanda wa kufungia mizigo. Sasa naliandikia.

Kwanza, sina ugomvi na vifaa vya kubuni. Anayeishi katika mji wa chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma kilichochongwa kwa panga na kinachobeba mamia ya kilo, hawezi kudharau kitu kwa sababu hakikutoka kiwandani. Kabari zetu zenyewe, vile vipande vya chuma tunavyopachika kwenye nyufa za jiwe ili kamba ipate pa kushika, zilianza hivyo. Wapandaji wa Uingereza walibeba kokoto mfukoni, wakazipachika kwenye ufa na kuzizungushia kamba. Miaka ya 1950 wakaokota nati kando ya reli ya mlima Snowdon, wakakwangua meno ya ndani yasikate kamba, na zikawakamata. Kule Saxony, Ujerumani, jiwe la mchanga ni laini, kabari za chuma hazikubaliki. Huko anayeanguka hukamatwa na fundo la kamba lililosukumwa ndani ya ufa.

Kwa hiyo tatizo la waya ni jingine: hauvutiki, yaani haurefuki unapobeba mzigo.

Chukua mtu wa kilo 80 aliyeanguka mita 4. Akisimamishwa ndani ya sentimita 10, ambazo kwa waya ni nyingi mno, nguvu ya wastani inayomkamata ni sawa na mzigo wa kilo 3,280. Akisimamishwa ndani ya mita 1 kwa kamba inayonyumbuka, ni kilo 400. Mtu ni yule yule, urefu ni ule ule. Tena huo ni wastani, kilele hupita hapo. Na kabari ya juu, ambako kamba inapinda kurudi chini, hubeba karibu mara 1.6 ya kile anachokipata aliyeanguka, maana inavutwa pande zote mbili. Waya wa tani tano unaweza kubaki mzima kweli. Kiuno chake je? Jiwe je?

Hapo ndipo wengine hunijia na mpira wa ndani wa tairi: basi tuweke kitu kinachovutika. Hapana. Mpira huvutika kwa nguvu ndogo, ukifika mwisho unakaza ghafla, na njiani haukula karibu chochote cha ule mwanguko. Kinachotakiwa ni kitu kinachokubali kuvutika huku kikipinga vikali tangu mwanzo hadi mwisho. Wazo zuri zaidi ninalolijua ni mkanda uliokunjwa na kushonwa safu kwa safu, mishono ipasuke mmoja baada ya mwingine na kila mmoja ule sehemu yake.

Hilo nimelijaribu. Fundi cherehani wa Birere, mtaa wa hapa Goma, alinishonea mikanda mitano, tukaiangushia gunia la mchanga la kilo 80. Miwili ilipasuka kwa utaratibu, raha kuitazama. Mmoja haukupasuka kabisa, ukakaza kama waya. Katika miwili iliyobaki uzi ulikuwa mgumu kuliko mkanda, ukachana mkanda wenyewe. Kwa macho yote mitano ilifanana. Ninaloshindwa kulitatua ni hili: mkanda niliokwisha kuujaribu umekufa, na ule nitakaopanda nao ni ule ambao haujajaribiwa.

Halafu kuna jiwe letu. Wahenga wanasema kamba hukatikia pabovu. Hapa Goma pabovu ni jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo, kama ile iliyopita katikati ya mji mwaka 2002 hadi ziwani, imejaa vitundu vya hewa na juu yake kuna gamba. Kabari hushika kwa kusukuma kuta za ufa. Zile za springi, alizozibuni Ray Jardine na zikaanza kuuzwa mwaka 1978, husukuma kila ukuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile inayozivuta. Kwenye graniti ni sawa. Kwenye gamba la lava, ukuta wenyewe unaondoka. Mimi hugonga kwa nyundo na kusikiliza: mlio wa debe tupu, naacha. Lakini mlio mzuri pia umewahi kunidanganya, jiwe likatoka zima pamoja na kabari, kwa hiyo siku hizi nikigonga na kuridhika bado naweka kabari tatu mahali pa moja na kuzigawia mzigo.

Waya wa yule kijana sikuutupa. Unaning'iniza lile gunia la mchanga, na yeye ndiye anayeliachia lianguke. Jumamosi tunaangusha mikanda mingine mitano, safari hii kwa uzi mwembamba.