Likizo ya pwani ipangwe kwa jedwali la maji

Wageni ninaowaongoza baharini huniuliza swali moja kabla ya yote: kesho tunatoka saa ngapi? Nami huwajibu kwamba sijui mpaka nitazame jedwali la maji, yaani orodha ya saa za kujaa na kupwa kwa bahari. Wengine hukunja uso, maana tayari wana ratiba yao: kifungua kinywa saa mbili, kuogelea saa tatu, chakula cha mchana saa saba, kayaki saa tisa. Ratiba nzuri kabisa, ila bahari haikushirikishwa.

Katika pwani nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 za ziada ndizo zinazowavuruga watu. Maji yakipwa kabisa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa tano, na kesho kutwa yatakaribia saa sita. Wiki ikipita, mambo yamegeuka: saa ile ile uliyokuwa ukitembea kwenye mchanga mtupu, sasa pana maji ya kukufunika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua. Kwa hiyo anayetaka kutembea mbali kwenye mwamba achague wiki ya bamvua, na anayetaka kuogelea wakati wowote bila kufuata maji mbali achague maji mafu. Bahari zilizozungukwa na nchi kavu, kama Mediterania, zina kupwa na kujaa kudogo sana. Huko cha kutazama ni upepo.

Matembezi ya kwenye mwamba ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko kuogelea kwenyewe. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu ya zamani ya kugawa kimo ambacho maji hupanda kutoka kupwa hadi kujaa katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuchukue pwani ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, nawe unajisemea bado mapema. Saa ya pili huongezeka 60, na ya tatu 90. Saa tatu baada ya kupwa, maji yamepanda mita 1.8, urefu wa mtu mzima. Tena hayaanzi kukufikia kwa mbele. Hupenya kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo kati yako na ufuko, huku wewe umeinama unatazama kaa kwenye kidimbwi. Kanuni yangu ni hii: toka maji yakiwa yanapwa, yafuate, na geuka yanapofika mwisho wa kupwa. Usisubiri kuyaona yakirudi.

Kutazama matumbawe kwa miwani na mrija ni kinyume chake. Hapo nataka maji yaliyokaribia kujaa, kwa sababu yanayoingia kutoka bahari kuu huwa maangavu, na yanayotoka hubeba matope ya ufukweni. Pia mtu anakuwa juu ya matumbawe kwa nafasi ya kutosha, mapezi ya miguuni hayagongi kitu. Miwani ijaribu nchi kavu: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikianguka, hata uikaze vipi mkanda itavuja. Unywele mmoja ulionaswa chini yake unatosha kuleta maji, na masharubu ni kesi yake peke yake.

Kayaki na ubao wa kusimama na kupiga kasia ni vya asubuhi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya baharini huja kuchukua nafasi. Ndiyo maana alasiri mawimbi huvurugika. Lakini ninaouogopa zaidi ni upepo wa kutoka nchi kavu, kwa sababu karibu na ufuko maji huonekana yamelala kama mkeka, na mtu hagundui anasukumwa mpaka atake kurudi. Anza kwa kupiga kasia dhidi ya upepo, urudi nao ukikusaidia.

Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Hiyo ndiyo saa ya meza ndefu kivulini. Wingu jembamba halikukingi, na mchanga na povu la mawimbi hurudisha sehemu ya miale hata ukiwa chini ya mwavuli. Ile hofu ya kwamba ukila ukaingia majini utazama haina ushahidi. Tumbo zito litakuchosha tu. Pombe ndiyo inayozamisha watu, kwa hiyo ibaki ya jioni, baada ya maji. Anayepanda boti asipande na njaa wala na mafuta mengi tumboni. Kitu kikavu kidogo kinatosha, na dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka, si mkishakuwa kwenye mawimbi.

Samaki wa kuagiza nao wana mambo yao. Macho yaliyotuna, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza ni dalili nzuri, lakini kwa jodari na vibua hazitoshi. Wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza kemikali ya mwasho iitwayo histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Samaki anaweza kunukia vizuri na bado akakuwasha. Kwa hiyo muulize mpishi samaki aliwekwa barafuni lini. Kama alizunguka bila barafu tangu alfajiri, agiza kingine. Ukihisi ladha ya pilipili kwenye ulimi wakati hakuna pilipili, weka uma chini. Katika bahari za joto, wale wakubwa wanaowinda kwenye matumbawe, kama mzia na mkunga, wanaweza kubeba sumu isiyo na harufu wala ladha, nayo pia haiuawi na moto. Mimi humwagiza samaki mdogo. Chaza wabichi siwagusi maji yakiwa na joto. Wakipikwa sawasawa hatari ya bakteria huondoka, ila si ile ya sumu ya mwani, kwa hiyo tangazo la kufungwa kwa eneo la kuvunia lisipuuzwe.

Na waliozamia kwa mitungi ya hewa wahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya ndege. Baada ya mbizo moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kuibuka, subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Mbizo kadhaa au za siku mfululizo, angalau 18. Kwa hiyo siku ya mwisho huwa natoa ubao, matembezi na chakula kirefu, na mitungi naifungia stoo.