Katheta ya ganzi haishikwi kwa wingi wa plasta

"Mbona imebandikwa kidogo hivi? Ongezeni plasta." Haya nayasikia kwa wagonjwa, kwa ndugu zao, na hata kwa wauguzi wazoefu. Eti katheta ya ganzi ya neva, yaani mrija mwembamba unaopeleka dawa ya ganzi karibu na neva, ikifunikwa plasta juu ya plasta, haitoki. Inatoka, tena sana.

Plasta hushika ngozi. Katheta ni nyembamba na laini, huteleza chini yake. Adui mkubwa ni unyevu: jeli ya ultrasaundi isiyofutwa, dawa ya kusafishia isiyoachwa ikauke, jasho, na dawa ya ganzi yenyewe inayovujia kwenye tundu la sindano. Rundika plasta juu ya ngozi iliyolowa, kesho zote zitabanduka pamoja na katheta. Mimi nafuta jeli yote, nakausha, kisha natia tone la gundi ya ngozi pale katheta inapoingilia. Hapo nasubiri ikauke kabisa, na hapo ndipo wengi huishiwa subira. Baadaye naizungusha katheta kitanzi kimoja na kufunika kwa plasta angavu. Gundi inaziba uvujaji. Kitanzi kinapokea mvuto kabla haujafika kwenye tundu. Katheta ya shingoni, ile ya upasuaji wa bega, napenda kuipitisha chini ya ngozi sentimita chache, maana shingo haitulii. Na plasta iwe angavu: wekundu, usaha na alama za sentimita kwenye katheta zionekane bila kubandua chochote.

"Shona tu na uzi." Uzi ukikazwa huibana katheta na pampu inayosukuma dawa huanza kulia, ukilegea, katheta husogea vilevile.

"Ikivuja imeshatoka." Si lazima. Dawa huweza kurudi kandokando ya katheta na mgonjwa akabaki hana maumivu. Mpime kwa barafu, uone kama sehemu ile bado haihisi baridi, kabla ya kuamua kuitoa.

"Imechomoka kidogo, irudishe." Hapana! Kilichokwisha kukaa nje si safi tena, na hujui ncha itaelekea wapi. Mwite aliyeiweka.

"Ikivutwa nitasikia." Utasikiaje, na sehemu yenyewe imekufa ganzi? Nyingi huchomoka mgonjwa anaposhuka kitandani huku pampu imening'inia kwenye reli. Pampu ivaliwe begani, na kabla ya kusimama mtu aupitishe mkono kwenye mrija wote kuona haujanasa.