Kwa nini muuguzi huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima?

Mtoto wa miezi minane amelala mapajani mwa mama yake kwenye benchi la zahanati. Leo ni siku ya tatu anakohoa. Muuguzi hamgusi kwanza. Anamwomba mama apandishe fulana ya mtoto mpaka kifuani, halafu anakaa kimya, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye tumbo linalopanda na kushuka. Mtu anapita, anasalimia, hajibiwi. Dakika nzima inaisha hivyo. Kina mama wengi hudhani hapo wanapotezewa muda, au kwamba zahanati haina vifaa. Kumbe hiyo dakika ndiyo kipimo chenyewe.

Nimonia, ambayo wengine wetu tumekua tukisikia ikiitwa kichomi au homa ya mapafu, hushambulia vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vikijaa usaha na majimaji, pafu hukakamaa, halitanuki kwa urahisi. Kulivutia pumzi ndefu pafu la namna hiyo ni kazi nzito, kwa hiyo mtoto huvuta fupifupi, za harakaharaka. Ugonjwa ukizidi, huonekana jambo jingine. Mbavu za mtoto mdogo bado ni laini. Kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikivuta kwa nguvu zake zote, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani pale ambapo ingetakiwa kutoka nje. Ukishaiona mara moja, kifua kikibonyea kila pumzi inapoingia, huisahau.

Kipimo hiki kilitokana na utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, Dkt. Frank Shann na wenzake walikuwa wakihangaika na swali moja: mhudumu wa kijijini asiye na eksirei atamjuaje mtoto anayehitaji dawa, katikati ya watoto wote wenye mafua na kikohozi cha kawaida? Sauti za mapafu kwenye stetoskopu zinataka sikio lililozoea, na hata waliozoea hawakubaliani kila mara. Lakini pumzi, yeyote mwenye saa anaweza kuzihesabu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1984. Mwaka 1988 watafiti wa Vellore, India, wakaonyesha kuwa kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kiwango cha pumzi kinachohesabiwa kuwa cha haraka kinafaa kishuke.

Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linahesabu kwa umri. Kichanga wa chini ya miezi 2 anahema haraka akifika pumzi 60 kwa dakika. Kuanzia miezi 2 hadi kabla hajatimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Huyu wetu wa miezi minane akikutwa na pumzi 52, amevuka mpaka. Kichanga wa wiki tatu akiwa na hizohizo 52, hajavuka.

Na kwa nini dakika nzima? Kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Huharakisha, husita kidogo, huanza tena. Ukihesabu kwa sekunde 15 ukazidisha mara 4, kosa la pumzi 2 tu linakuwa kosa la pumzi 8, na pumzi 8 zinatosha kumhamisha mtoto kutoka 46 hadi 54. Akiwa analia au ananyonya, inabidi kungoja atulie. Inaniuma kwamba foleni ikirefuka, dakika hii ni miongoni mwa mambo ya kwanza kurukwa.

Hata hivyo, kuhema haraka si lazima iwe nimonia. Homa yenyewe huharakisha pumzi, malaria pia, pumu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini kati ya hao, nimonia ya kuonekana kwenye eksirei ilikuwa asilimia 5 tu. Mwaka 2019 ukaja utafiti wa nchi saba za Afrika na Asia, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Kati ya watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia kali na eksirei ikaithibitisha, takriban asilimia 61 chanzo chao kilikadiriwa kuwa virusi. Antibiotiki haiui virusi.

Basi dawa iachwe? Swali hilo lilijaribiwa Lilongwe, Malawi. Watoto wanaohema haraka lakini kifua hakibonyei, baadhi walipewa amoksilini, wengine dawa isiyo na kitu ndani. Matokeo ya mwaka 2019: tiba ilishindwa kwa watoto 7 kati ya 100 waliopewa dawa tupu, na 4 kati ya 100 waliopewa amoksilini. Wengi wangepona wenyewe. Shida ni kwamba ukiwatazama pale kwenye benchi, huwezi kuwajua mapema wale wachache, na kwa maoni yangu hiyo inatosha kuendelea kuwatibu wote. Kinachosaidia zaidi ni kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kwenye damu. Ikiwa chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji hospitali na oksijeni, hata kama anaonekana mtulivu.

Nyumbani huna kibanio, lakini macho unayo. Mtoto akikohoa na amelala, usimwamshe. Kama yuko macho, ngoja alale, kisha pandisha fulana, mulika kwa tochi ya simu, uhesabu. Akivuka kiwango cha umri wake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea, au akishindwa kunyonya, au akipata degedege, au akilegea asiamke vizuri, ondokeni hata kama ni saa nane za usiku.