Pesa ya mama anayelea watoto si faida yote

Watu wengi mtaani huku Nairobi wanapiga hesabu hivi: mama analea watoto 8 wa wenzake wakiwa kazini, kila mmoja analipiwa shilingi mia kwa siku, basi huyo anaingiza 800 akiwa amekaa tu kwake. Si kweli, na hii hesabu inaumiza watu. Tuseme uji, sukari na maziwa ni 200, maji, sabuni na makaa 120, msichana wa kumsaidia 250 (watoto 8 peke yako ni hatari jamani, mmoja akitambaa kwenye jiko wewe unabadilisha mwingine nepi), na rent ukiigawa kwa siku 100. Hiyo ni 670. Anabaki na 130, na amefungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, yaani bob kumi kwa saa.

Kwa hivyo we unayelea, usikopi bei ya jirani, anza na matumizi yako, ongeza mshahara wako juu yake, ndo ugawanye kwa idadi ya watoto. Na mtoto asipokuja bila taarifa nafasi yake bado umeishikilia, mkubaliane mapema italipiwa vipi.